Sema Wazi: Hii Ni Hadithi

Maneno kwa vijana wa Baraka na Fizi wanaotaka kuandika hadithi mutandaoni

  

Vijana wa muji huu wanapenda hadithi. Kuna mutu anaweza kukuelezea Naruto toka mwanzo mpaka mwisho bila kukosea jina hata moja. Mwingine anajua filamu za Nigeria kuliko masomo yake. Na filamu ikiisha tu, mabishano yanaanza. "Ingekuwa mimi, yule dada asingekufa." "Yule mubaya, kama angelelewa na mama yake, angekuwa mutu mwema." Wandugu, hapo hadithi mupya imekwisha kuanza. Kilichobaki ni kuiandika.

Duniani kuna watu wengi sana wanaoandika hizo hadithi. Wanachukua wahusika wa kitabu, wa filamu ao wa manga, wanawapa safari ingine, halafu wanaiweka mutandaoni wengine wasome bure. Tuziite hadithi za mashabiki. Leo naongea na yule anayetaka kuingia mara ya kwanza: hajui mulango uko wapi, anaogopa kuchekwa.

Najua swali liko vichwani mwenu. Barabara ni mubaya, usalama hakuna, umeme ni wa kutafuta, na harakati ya raia inakuja kutuongelea hadithi za Naruto? Ndiyo. Kwa sababu kule kwa mashabiki kuna desturi moja ambayo inakosekana katika grupu zetu za WhatsApp, na kukosekana kwake kunaweza kumwanga damu. Desturi yenyewe ni hii: kabla ya kuanza, unasema wazi kwamba hii ni hadithi, umeitoa wapi, na ndani yake kuna nini.

Kwanza tuondoe wazo kwamba haya ni mambo ya wazungu. Ni kweli, huko Marekani mashabiki wa Star Trek walitoa gazeti lao dogo mwaka 1967, likaitwa Spockanalia. Ni kweli FanFiction.Net ilifunguliwa mwaka 1998, na Wattpad ilianzishwa Canada mwaka 2006. Lakini Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufanya kazi hiyo. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, alichukua kisa cha Alfu Lela u Lela akakivalisha nguo yake mwenyewe. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimuumba Bwana Msa, mupelelezi mwenye kiko mudomoni na rafiki yake Najum pembeni. Wasomaji wengi wamemuona Bwana Msa kuwa ndugu wa Sherlock Holmes. Kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda shindano la uandishi la miaka 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960. Hakuna aliyemwambia kwamba ameiga wazungu akae kimya. Leo bado anasomwa.

Na wale waliosimulia filamu kwa Kiswahili munawajua. Lufufu kule Dar es Salaam, DJ Afro kule Nairobi. Picha ni ya wachina ao ya wahindi, lakini sauti ni ya kwetu, na musimulizi anaongeza mizaha yake, anawapa watu majina, anamutukana mubaya kwa niaba yetu sisi wote tulioketi pale. Ile filamu ikiisha umeona filamu mbili: yao na yake. Kwa hiyo musiogope. Sisi si wageni wa jambo hili. Wageni tuko kwa ule mulango wa mutandao tu.

Sasa kuna sababu ingine ya sisi kuandika. Kwa muda murefu tumekuwa wahusika katika hadithi za wengine. Mwaka 1930, Hergé wa Ubelgiji alianza kutoa Tintin au Congo katika gazeti la watoto, na yeye mwenyewe hakuwa amekanyaga Congo. Ndani yake kuna mutoto anaitwa Coco, kazi yake ni kumufuata Tintin. Coco alitoka wapi? Mama yake alisema nini siku ile alipoondoka na muzungu? Kitabu hakijibu. Mushabiki anaweza kujibu.

Tuje karibu zaidi. Mwezi wa 4 mwaka 1965, Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akafikia Kibamba, hapahapa Fizi. Walimupa jina Tatu. Alikaa mpaka mwezi wa 11, akaondoka akiwa ameshindwa, akaandika kitabu kizima juu ya miezi ile. Ni kitabu cha maana, lakini ni macho ya mugeni. Mama aliyepika, kijana aliyebeba mizigo kupanda mulima, muvuvi aliyevusha watu usiku, hao hatusikii sauti yao ikitoka katika kinywa chao. Mutu wa ngambo akitafuta jina Fizi leo, anakuta vita na watu waliokimbia. Hayo yapo, hatuyakatai. Lakini je, ni hayo tu? Nani ataandika samaki wanavyoshuka asubuhi pa bandari, ao mutihani wa taifa unavyotetemesha nyumba nzima?

Munaweza kusema: basi tuandike hadithi zetu wenyewe, Naruto ya nini? Hadithi zetu zitakuja. Lakini kwa mutu anayeanza, wahusika wa wengine ni kama mutumbwi ambao tayari unaelea. Hauhitaji kuchonga muti kwanza. Unajifunza kupiga kasia. Chukua Nagato. Munamujua. Inchi yake ni ndogo, mvua inanyesha kila siku, na mataifa makubwa yanakuja kupigania ndani yake. Wazazi wake wanauawa na askari wa Konoha, kijiji kilekile tunachokishangilia. Mutoto anabaki yatima, halafu anakua na kuwa yule ambaye dunia nzima inamuogopa. Wandugu, vijana wa Paris na wa Tokyo wanaandika juu ya Nagato kila siku. Lakini mutoto wa Fizi anajua kitu ambacho wao wanakisoma tu. Anajua namna nyumba inavyonyamaza watu wakisikia milio mbali. Anajua mama anavyochagua, kwa dakika mbili, nini cha kubeba na nini cha kuacha. Ukiandika sura moja ya Nagato na ujuzi huo, musomaji wa ngambo atasimama. Na wewe utakuwa umesema jambo lako bila kumutaja jirani yako, bila kufungua kidonda cha mutu anayeishi.

Tuingie sasa. Wazee wanasema mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Tuufuate muzemo huo.

Siku mbili za kwanza, soma. Mahali pakubwa panaitwa Archive of Our Own, wenyewe wanaandika AO3. Palifunguliwa kwa watu wote mwaka 2009, na mwaka 2019 pakapewa tuzo la Hugo, ambalo ni kubwa katika fasihi ya kubuni ya mambo ya sayansi na maajabu. Panaendeshwa na watu wa kujitolea, hakuna matangazo ya biashara, na huruhusiwi kufanya biashara na hadithi yako pale ndani. Kusoma hadithi nyingi hakuhitaji akaunti. Na sikieni hii, ninyi ambao rezo inawakatikia: kila hadithi iko na kifungo cha kuishusha katika simu, kwa PDF ao EPUB. Ni maandishi matupu, hayali mega nyingi. Unashusha tano ukiwa pahali penye rezo, unasoma usiku bila intaneti. Ukitaka kuandika, unaomba akaunti kwa barua-pepe, unawekwa kwenye foleni, unangojea. Wattpad ni rahisi zaidi kuingia: unajiandikisha, unaandika sura kwa sura, na wasomaji wanaweza kuacha maoni pembeni ya kila aya. Matangazo lakini yapo.

Ukiwa unasoma, angalia watu wanavyoishi pale. Wakipenda hadithi wanaacha alama ndogo ya moyo, ni kama kusema asante. Wakiwa na muda wanaandika maoni. Hawaingii kwa mutu na kusema "hii ni takataka". Desturi ni rahisi: kama haupendi, pita. Makosa ya mutu unamuonyesha akikuomba. Na wengi wanaomba! Kabla ya kutoa hadithi, wanampa rafiki mumoja aisome kwanza, aondoe makosa, aseme pahali alipochoka. Hapa Baraka hamukosi musomaji wa kwanza. Mwanafunzi mwenzako, dada yako, yule kijana anayechaji simu na kila siku ana kitabu mukononi.

Siku ya tatu, chukua jembe. Jembe la kwanza si hadithi. Ni maoni. Andika kwa mwandishi mumoja mistari mitatu: nini kilikugusa, wapi ulicheka, swali gani limebaki. Mwandishi asiyejulikana anangojea maneno hayo kama muvuvi anavyongojea mapambazuko. Hivyo utajulikana kwanza kuwa musomaji mwema, na siku utakapoweka hadithi yako, hautakuwa mutu anayepiga kelele sokoni, bali jirani anayeleta sahani yake.

Halafu andika kifupi. Ukurasa mumoja, tukio moja, wahusika wawili. Wengi wanaanza na sura mia moja kichwani, wanafika ya tatu wanaacha. Maliza kitu kidogo. Kumaliza nako kunafundishwa.

Sasa tufike pa maana. Kabla ya kuweka hadithi kwa AO3, kuna fomu ya kujaza. Wanakuuliza: hadithi hii inatoka kwa kazi gani? Wahusika ni nani? Inafaa watu wote, ao wakubwa tu? Halafu wanauliza mambo manne mazito: kuna ukatili ulioelezwa wazi? Muhusika mukubwa anakufa? Kuna kubakwa? Kuna mambo ya ngono yanayohusu watoto? Unajibu, ao unasema wazi kwamba umechagua kutotoa onyo, na musomaji anaingia akijua hilo. Pembeni unaongeza alama zako mwenyewe: vita, yatima, kicheko, mwisho mwema. Nani anafaidika? Dada aliyepitia ubaya fulani hataki kuukuta tena, bila kutazamia, katika hadithi aliyofungua ili apumuzike. Alama inamuheshimu. Inamwambia: tunajua unaweza kuwa hapa kati yetu. Katika eneo kama letu, wandugu, yuko hapa. Kila mara yuko hapa.

Na kosa kubwa kule si kuandika vibaya. Kosa kubwa ni kuchukua hadithi ya mwenzako na kuiweka kwa jina lako. Wahusika tunashirikiana, jasho hatuibiani. Ukitumia wazo la mutu, unamutaja.

Haya si mageni kwetu. Upande wa pwani, musimulizi anaita "Paukwa!", na watoto wanajibu "Pakawa!", ndipo anaanza. Kuna wanaosema "Hadithi, hadithi!" na kuitikiwa "Hadithi njoo!" Maneno yale ni mulango. Yanamwambia kila mutu, hata mutoto wa miaka minne, kwamba toka sasa sungura ataongea na fisi atadanganywa, na kesho asubuhi hakuna atakayekwenda kumutafuta yule fisi na panga. Bibi zetu walijua kutia alama kabla ya intaneti kuzaliwa.

Sasa fungueni simu zenu. Ujumbe unaingia usiku: "Wamevamia kijiji fulani, wako njiani, waambie wengine." Nani ameandika? Hapana jina. Ameona kwa macho? Haijulikani. Picha ni ya wapi? Inaweza kuwa ya inchi ingine na ya mwaka mwingine. Hakuna mulango, hakuna Paukwa, hakuna alama. Mutu ametunga, ao amepotosha, wa pili akatuma mbele, wa mia naye akaongeza chumvi. Kufika asubuhi, watu wamefunga mizigo, na kijana mumoja anamuangalia jirani yake wa kabila ingine kwa macho ambayo jana hakuwa nayo. Wabembe, Wabuyu, Wanyindu, Wafuliiru, Wanyamulenge: hapa hakuna kabila ambalo halijakimbia nyumba zake. Sisi wote tunajua maneno yanaweza kufanya nini. Kule kwa mashabiki, uongo unavaa nguo zake na kila mutu anaujua. Kwetu, uongo unavaa nguo za habari.

Na sheria pia iko macho. Kanuni ya mambo ya kidijitali ya inchi yetu, iliyotolewa tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inaadhibu mutu anayesambaza habari za uongo mutandaoni. Sheria kama hiyo inaweza kutumiwa vibaya dhidi ya watu wanaosema kweli, na lazima raia wabaki macho juu yake. Lakini kwa mwandishi wa hadithi, kinga ya kwanza iko mukononi mwake: juu kabisa, andika kwamba hii ni hadithi ya kubuni. Kisha ujiwekee mipaka mitatu. Usitunge mashambulizi juu ya kijiji cha kweli kinachoishi watu leo. Usimuweke katika hadithi yako mukubwa fulani, chifu fulani, jirani fulani kwa jina lake. Na ukiwa unaumba wabaya wako, angalia: kama wabaya wote wanatoka kabila moja, hauandiki tena hadithi, unapika vita. Yule Nagato anatufundisha hilo. Mangaka aliyemuumba, Masashi Kishimoto, angeweza kumuacha awe mubaya tu. Alichagua kutuonyesha mutoto kwanza.

Dada zangu, neno moja kwenu. Katika hizo jumuiya mutakuta wasichana wengi sana wanaoandika, na si jambo la kuficha kwa aibu. Lakini muingie na jina la bandia. Hakuna picha yako, hakuna jina la shule yako, hakuna kartie unayoishi. Mutu akianza kukuomba namba ya WhatsApp ili "akusaidie kuandika", anaweza kukusaidia hapohapo mbele ya wote. Akikusumbua, mufungie, na uwaambie wanaosimamia tovuti. Na ninyi kaka, mukiona dada ametoa hadithi ya mapenzi, musichukue mistari yake na kuipeleka kwenye grupu ili acheshwe. Hiyo si mizaha. Ni kumufunga mutu mudomo, na sisi tunajua mudomo ukifungwa inakuwa namna gani.

Lugha je? Andika kwa ile inayokutoka. Kifaransa kitakupa wasomaji wa Abidjan na Brussels. Lakini Kiswahili nacho kimo katika orodha ya lugha za AO3, na hadithi zake ni chache mno mbele ya zile za Kiingereza. Maana yake ni nini? Ukiandika tano nzuri, utakuwa mumoja wa wale waliotengeneza njia. Kuna watoto wa Fizi waliozaliwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, na wengine leo wako Marekani na Canada. Kiswahili wanakisikia kwa mama jikoni, lakini hawana cha kusoma kinachowafanana. Wakikuta Nagato anaongea kama mujomba wao wa Baraka, watacheka, halafu watalia kidogo, halafu watatuma kwa wengine. Na kile watakachotuma mbele kitakuwa na jina la mwandishi, na alama, na neno juu yake linalosema kweli: hii ni hadithi.

Basi kazi ya juma hili ni ndogo. Shusha hadithi mbili, uzisome. Muandikie mwandishi mumoja maoni ya mistari mitatu. Kisha ukurasa wako mumoja, hata kwa kalamu katika daftari. Mustari wa kwanza utaje ulikowatoa wahusika wako, na wa pili umwonye musomaji kama kuna kinachoweza kumuumiza. Ukizoea kufanya hivyo kwa Naruto, siku ujumbe wa usiku utakapoingia ku simu yako bila jina na bila alama, kidole chako kitasita kabla ya kuutuma mbele. Ule muda wa kusita unaweza kumuokoa mutu.

 Sasa mutuulize maswali.